Morricone hakuwa wa makauboi tu

Ndugu mwandishi, kumwita Ennio Morricone "mtunzi wa muziki wa filamu za makauboi" ni kumpunja. Mtoto huyu wa mpiga tarumbeta wa Roma, aliyezaliwa 1928, alitunga muziki wa filamu na vipindi vya televisheni zaidi ya 400, na za makauboi ni sehemu ndogo tu. Alikaa mezani na kalamu, bila piano, akaandika okestra nzima kutoka kichwani. Filamu ya 1968 ya mwongozaji Sergio Leone, Once Upon a Time in the West (yeye na Morricone walisoma pamoja shule ya msingi!), muziki wake ulitangulia kamera; waigizaji wakatembea kwa mwendo wake. Kile kinanda cha mdomo cha filamu hiyo kikilia, mwili unasisimka. Halafu tuzo ya filamu ya Oscar, ile ya ushindani na si ya heshima, wakampa 2016, ana miaka 87! Inauma mpaka leo.