Uzito wa magari ya spoti, tusiusingizie usalama peke yake

Kila mada ya uzito wa magari ya spoti ikianza lazima atokee mtu aseme yameongezeka uzito kwa sababu ya sheria za usalama, basi, kamaliza. Mi nakubali nusu tu.

Tuanze na namba. Lotus Elise ya kwanza, ya 1996, ilikuwa na kilo kama 725 hivi. Lotus Emira ya sasa hivi inapita 1,400, yaani karibu mara mbili! BMW M5 ya kwanza ya miaka ya 80 ilikuwa kwenye kilo 1,430, hii ya 2024 inazidi 2,400. Tani nzima imeongezeka hapo katikati.

Usalama umechangia, sibishi. Eabegi, vyuma ndani ya milango, nguzo nene za paa ili gari ikipinduka isikubonde, vyote vina uzito na hapo sina ugomvi kabisa, maana zile za zamani ukigongwa ubavuni ulichokuwa nacho ni bati.

Lakini hebu angalia Mazda MX-5. Ya 1989 ilikuwa chini kidogo ya tani moja. Ya 2015 ikaja na kila kitu sheria inachodai, eabegi, ABS (breki zisizofunga tairi zikateleza), vyote, na bado uzito wake unacheza hapohapo kwenye tani moja na kidogo, tena ni fupi kuliko ile ya kwanza. Kama usalama ndo mchawi, hawa wamewezaje? Waliamua gari ibaki ndogo na injini ya nguvu za wastani, basi.

Kwangu mchawi ni kukimbizana na hosipawa, yaani nguvu za injini. Ukiongeza nguvu, giaboksi ya zamani haihimili, unaweka kubwa, joto linapanda unaongeza rejeta na intakula (kipoza hewa inayoingia kwenye injini ya tabo), sasa gari inakimbia zaidi kwahiyo breki lazima ziwe kubwa, na breki hizo haziingii kwenye rimu ya inchi 15 unaenda 19 au 20, rimu hiyo inataka tairi pana, tairi pana linashika barabara zaidi kwahiyo bodi nayo ikazwe isijipinde kwenye kona. Ukipima unakuta gari imekuwa nzito, haichomoki tena kama ulivyotaka. Unafanyaje? Unarudi kwenye injini unaongeza nguvu, mzunguko unaanza upya.

Kwenye M5 mpya ongeza betri na mota ya umeme, maana ni haibridi. Na viti vya umeme, spika kibao, vitu vya kuzuia kelele, hivyo tunavidai sisi wanunuzi wenyewe.

Kinachoniuma ni kwamba hosipawa zinaficha uzito kwenye barabara iliyonyooka tu. Ukifika konani, ukikanyaga breki, kilo zote zinajitokeza, tairi na breki ndo zinabeba mzigo. Elise ile ilikuwa na hosipawa 118 tu na mpaka leo watu wanaitafuta kwa jinsi inavyokata kona.

Mbunifu wa magari Gordon Murray katoa T.50 yenye V12 (injini ya silinda 12) na uzito chini ya tani moja, nyepesi kuliko McLaren F1 yake ya 1992. Safi sana, ila ni kaboni tupu na zimetengenezwa 100 tu kwa matajiri. Mi nataka wepesi huo kwenye gari ya kawaida, ipunguzwe hosipawa 200 nipewe kilo 300 pungufu, nasaini leo.