Kitabu Changu Chenye Mistari Myeusi

Kwenye rafu yangu kuna kitabu ambacho hakisomeki vizuri. Karibu kila ukurasa una mstari mweusi mmoja au miwili, mahali dada yangu alipopita na maka peni kabla hajanipa, wakati napona matatizo ya ulaji, ugonjwa ulionifanya nijinyime chakula. Kilo, saizi za nguo, hesabu za kalori, siku ambazo mwandishi alikaa bila kula: vyote alivifuta. Ilimchukua wiki nzima, akisoma usiku watoto wake wakishalala. Sijawahi kupewa kitabu nikakithamini kama hicho.

Alikuwa na sababu. Kitabu cha kwanza nilijinunulia mwenyewe, kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam. Kilikuwa kisa cha kweli cha mwanamke aliyeugua ugonjwa huohuo akapona. Nilikimaliza kwa siku mbili, nikatoka na mbinu ambazo sikuwa nazijua. Kupona kwake kulikaa kurasa chache za mwisho. Zilizobaki zote zilikuwa za kuugua, na uzito wake umeandikwa kama matokeo ya mtihani. Mzima akisoma kisa kama hicho anasikitika. Mwenye ugonjwa huu anakisoma kama mwanafunzi anayechungulia alama za mwenzake ili ampite.

Kwa hiyo nikiulizwa ni kitabu gani kinamfaa anayepona matatizo ya ulaji, na mimi nauliza: kina namba? Kama kinazo, wewe unayemuuguza tangulia kukisoma. Najua wapo wanaoona huko ni kumgeuza mtu mzima kuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima, nina kazi, nina funguo za nyumba yangu, lakini mbele ya namba akili ilikuwa hainikai.

Kilichonifungua macho hata hakikuandikwa kwa ajili ya wagonjwa. Mtaalamu wa saikolojia niliyekuwa nikimwona alinitolea fotokopi ya kurasa chache kuhusu jaribio la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, lililoanza mwishoni mwa 1944. Mtafiti Ancel Keys na wenzake walichukua vijana wa kiume 36, wazima wa afya, waliokataa kushika silaha vitani lakini wakakubali kushindishwa njaa kwa hiari, ili ijulikane namna ya kuwarudisha watu waliodhoofishwa na njaa ya vita. Kwa karibu miezi sita walipewa chakula pungufu. Matokeo yalitoka 1950 katika majuzuu mawili manene, na mwenye ugonjwa huu simshauri ayafungue peke yake. Namba humo ni tele.

Ila zile kurasa zangu! Vijana wale, ambao hakuna aliyekuwa na haja ya kukonda, walianza kuota chakula. Walikuwa wakali, wakajitenga, wakachezea sahani yao muda mrefu ili isiishe. Wapo waliokusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama riwaya. Na mimi wakati ule simu yangu ilikuwa imejaa mapishi. Nilikuwa napika pilau la watu ishirini, napakua, nasimama mlangoni nikiwaangalia wanavyokula, mwenyewe sionji. Nyumbani wakanisifia mkono. Nilidhani nimerukwa na akili, kumbe ilikuwa njaa. Na waliporudishiwa chakula, wengine walikula sana na bado wakahisi hawajashiba. Hilo nilihitaji kulisoma kuliko maneno yote ya kutiana moyo, maana nami nilikuwa nimefika hapo, na nilikuwa naona aibu.

Cha pili kilichonifungua macho ni riwaya: Nervous Conditions ya Tsitsi Dangarembga, iliyotoka 1988. Ni ya Rhodesia ya zamani, Zimbabwe ya leo. Nyasha, binti wa mwalimu mkuu, anabanwa na baba yake amalize sahani, na kila mlo unageuka vita. Hali inapokuwa mbaya wanampeleka kwa daktari wa akili, mzungu, naye anasema Mwafrika haugui namna hiyo, binti anajifanyisha tu. Nilifunga kitabu nikacheka kwa uchungu. Shangazi yangu alisema vilevile, kwa Kiswahili, akaongeza kwamba nadeka. Nyasha hapewi mwisho mtamu, na ana mambo anayoyafanya ambayo mtu aliye katikati ya ugonjwa asiyasome. Mimi nilikisoma nikiwa nimeshaanza kula mara tatu kwa siku. Mapema zaidi ya hapo kingeniumiza.

Vitabu vya kujisaidia sikuvipenda sana. Kile cha Jenni Schaefer, Life Without Ed, kinaufanya ugonjwa uwe mume mkorofi wa kuachana naye. Wazo ni zuri, ila Ed ni jina la mwanamume na pia kifupisho cha jina la ugonjwa kwa Kiingereza (eating disorder), na mzaha huo kwetu haukai. Wangu niliuita mpangaji.

Kitabu hakipimi damu, jamani. Aliyekaa na njaa muda mrefu, hata kurudi kula kwa pupa kunaweza kumvurugia madini ya mwili, kwa hiyo daktari kwanza.

Juzi binti mmoja wa jirani aliazima kile cha mistari. Aliporudisha akaniuliza chini ya wino kumeandikwa nini. Nikamwambia sijui, sijawahi kuangalia. Akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akautazama ukurasa kidogo, kisha akakirudisha mezani.