Daktari wa wiki moja: tumdai leseni au tumpishe?

Kila ikitangazwa kambi ya matibabu huku Pemba ubishi unarudi ule ule. Juzi umeanza barazani kwetu baada ya Isha, mmoja kasema hawa madaktari wageni wanaokuja kujitolea wiki moja waondoshewe usumbufu wa leseni, waje na vyeti vyao vya kwao waanze kazi, mwengine kainuka juu ati Wapemba tusigeuzwe vichwa vya kujifunzia kunyoa. Mie siku ile nilinyamaza maana kote kote naona kuna ukweli, lakini suala halijaniwacha.

Kwanza tuelewane jinsi ilivyo. Afya si jambo la Muungano, Zanzibar ina wizara yake na baraza lake la madaktari, kwa hiyo hata daktari aliosajiliwa Dar akishuka kwenye boti bandarini Malindi, Unguja, ule usajili wa bara haumtoshi kutibu huku (watu wengi hushangaa wakisikia hili, nchi moja lakini ndo hivyo). Mgeni wa siku chache mara nyingi njia yake ni usajili wa muda, na ugomvi wote upo hapo, huo wa muda uwe mwepesi kiasi gani, au uondoshwe kabisa.

Na msamaha wa namna hii si kitu kipya kwetu jamani. Mie mwenyewe nimepokewa na mkunga wa jadi, bibi ambae hata skuli hakusoma. Wanaoumika watu chuku, wenye mitishamba, wote hao hawana cheti cha udaktari na sheria haikuwafukuza, imewawekea utaratibu wao mbali kwa sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya 2008. Kwa hiyo anaesema bila ya leseni ya udaktari mtu asimguse mgonjwa, nyumbani kwake mwenyewe kanuni hiyo haifati.

Sasa nikupeni kisa cha ami yangu, na kaniruhusu kusema. Ami alikuwa na busha. Wenyewe mnajua, ni maradhi ya minyoo inayosambazwa na mbu, na dawa za kumeza za kampeni tulianza kupewa 2001, ila dawa ile inakata maambukizi, busha lililokwisha kuwa kubwa hulipunguzi kwa vidonge, linataka kisu. Alikaa nalo miaka 16. Kanzu zake zote alishonesha pana, harusini haendi, msikitini anasali safu ya nyuma karibu na mlango ili awahi kutoka watu wasimtazame. Kambi ilipokuja alijiandikisha wa mwanzo, kapasuliwa asubuhi, siku ya pili karudi nyumbani anacheka peke yake.

Siku ya sita kidonda kikavimba kikatoa harufu, na madaktari wa kambi washapanda boti zamani. Tukampeleka spitali na karatasi yake, kijana wa zamu kaigeuza juu chini, imeandikwa lugha ya kwao, jina la dawa ni la kampuni ya kwao, saini kama nyoka kapita mchangani na namba ya simu hakuna. Ikabidi akisie, kaanza na dawa hii, ikashindwa, kaweka nyengine. Ami alilala kwa ubavu karibu miezi miwili, kisha alhamdulillahi kikafunga.

Mie nilikuwa na hasira kweli, nikamwambia ami watu kama hawa wangebanwa leseni yasingetokea haya. Kaniangalia, kanambia, "Mwanangu, mie nimekaa na mzigo miaka 16 kumngoja huyo mwenye leseni, mbona hakuja?"

Sikuwa na la kumjibu.

Basi nimekaa nikagundua leseni ina kazi mbili na sisi tunazichanganya. Moja ni kuthibitisha kwamba mtu anajua kazi. Hiyo kama kwao keshasajiliwa na anapasua watu kila wiki sioni kwa nini tumzungushe na mafaili, likizo yake ni siku 10, faili likilala mezani miezi mitatu atakwenda kwengine na ami atabaki na busha lake. Kazi ya pili ni kwamba likiharibika jambo yupo wa kuitwa aulizwe, na hii haisameheki hata siku moja, kwa sababu nani atanambia ami ataandikaje malalamiko kwa baraza la madaktari la nchi asioweza hata kutamka jina lake?

Ukitazama Marekani, jimbo la Tennessee walipitisha sheria 2023 kuwa daktari aliosomea nje asilazimishwe kurudia mafunzo ya vitendo hospitalini, lakini kwanza afanye kazi miaka miwili chini ya usimamizi ndo apewe leseni kamili. Wamemsamehe mafunzo, usimamizi hawakumsamehe. Na hapa hapa kwetu Wachina wa jimbo la Jiangsu wanaleta madaktari tokea 1964, nao wageni, nao kuna lugha, lakini wanakaa ndani ya spitali zetu, Mnazi Mmoja na Abdulla Mzee kule Mkoani, timu ikiondoka inaingia nyengine, kidonda kikioza unajua mlango wa kugonga.

Wanafunzi wa udaktari wanaokuja na kambi ndo sitaki hata kubishana. Mtu hajamaliza masomo, kwao hashikishwi kisu bila ya mkubwa wake kusimama pembeni, akija huku ati anapata uzoefu. Huyo arudi akasome.

Kwa waliohitimu mie ningesema wapishwe haraka, ila kila mgonjwa awe na daktari wa hapa aliotia saini, anaebaki na faili. Najua nitajibiwa nini, na ni kweli, huyo wa hapa keshazidiwa na foleni yake, leo umbebeshe lawama ya mikono asioijua, kwa mshahara ule ule? Nisingekubali mie ningekuwa yeye. Labda wanaoleta kambi wamlipe, labda abakishwe mmoja wao mpaka nyuzi zitolewe, hapo ndo pakukaa watu wakapigiana hesabu.

Wiki hii imetangazwa kambi nyengine na ami kenda kumuandikisha rafiki yake. Nilimuona jioni anamuonesha ile karatasi ya zamani, kaihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, anamwambia kabla hujalala kitandani muulize nani anaebaki.