Ukitaka kukimbia peku, usianzie kwenye nyasi

Kila anayeuliza habari za kukimbia peku hupewa jibu lilelile: anzia kwenye nyasi, pale uwanjani, miguu ikishakomaa ndipo uende barabarani. Ushauri huu una huruma nyingi, na mimi siukubali. Anzia kwenye moramu, ule udongo wa kokoto unaoshindiliwa barabarani. Chukua kipande kifupi tu, kutoka getini kwako hadi duka la pili, lakini kiwe kipande chenye kokoto. Sisi wa Mbeya hatuna hata kisingizio, maana ukiiacha lami tu umeshafika.

Nyasi zinaficha mambo. Ukiwa juu yake unaweza kutupa mguu mbele ukatua na kisigino kwa uzito wote, kama ulivyozoea ndani ya raba, na hakuna kitakachokukemea. Nyayo zimenyamaza, huku shavu la mguu na mshipa wa nyuma ya kisigino vinabeba kazi ambayo havijawahi kuibeba. Unaongeza mzunguko mmoja, unaongeza mwingine, kwa kuwa "mbona haiumi", na kesho yake kushuka ngazi ni mtihani. Kwenye moramu huwezi kuongeza mizunguko kijinga. Ngozi inachoka kabla ya misuli, na kwa mtu anayeanza ndivyo inavyotakiwa iwe.

Watu wakisikia kokoto wanadhani maumivu ni ya aina moja. Kokoto za saizi ya punje ya maharage, zilizolala juu ya ardhi iliyoshindiliwa, ndizo mbaya kuliko zote. Greda likishapita, mvua zikaosha udongo laini wa juu, zinabaki hizo, mojamoja, juu ya tabaka gumu. Jiwe halina pa kuzama, basi linazama kwako. Jiwe kubwa la kujaza kiganja halina neno: mguu unalikumbatia, upinde wa unyayo unakaa juu yake, unaondoka. Changarawe iliyojaa barabara nzima nayo ina nafuu, kwa sababu uzito unagawanyika kwenye ncha nyingi. Shida ni ile moja iliyojitenga, ikikupata chini ya mfupa wa kidole gumba. Hapo unaweza kutamka maneno ambayo mama mkwe hapaswi kuyasikia.

Mwili ukishapigwa na kokoto ya namna hiyo, jambo la kwanza ni kukaza. Vidole vinajikunja, mguu unakakamaa, na kokoto inayofuata inauma maradufu. Sasa jaribu kulegeza: kifundo kilegee, goti lipinde kidogo, mguu uuweke chini badala ya kuutupa. Kokoto ya ukubwa uleule inakuwa taarifa tu, kwamba hapa pana kitu, hamisha uzito. Na unakuwa umeshauhamisha kabla hujafikiri. Hatua zinakuwa fupi na za harakaharaka, mguu unatua chini ya mwili na si mbele yake. Unaweza kusomewa maelekezo haya na kocha mwezi mzima usiyashike; moramu inakushikisha kabla hujafika kwenye kona. Hata malengelenge yana maelezo. Hayaletwi na kutua, yanaletwa na kuburuza. Lengelenge likitokea chini ya vidole, ujue unaisukuma ardhi kwa nyuma kwa nguvu isiyo na sababu.

Wenye kupenda ushahidi wa maabara wanao. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wakimbiaji wa Kenya waliokulia miguu mitupu, wakaonyesha kwamba wengi wao hutua kwa sehemu ya mbele ya mguu au kwa mguu bapa, na ule mshtuko wa ghafla wa kutua na kisigino haupo. Dunia ikashangilia, viatu vya vidole vitano vikauzwa. Mwaka 2014 kampuni inayovitengeneza, Vibram, ikakubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba sifa za kiafya za viatu hivyo hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Kabla ya hapo, mwaka 2013, utafiti mwingine uliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, watu waliozoea kutembea peku, na ikaonekana kwamba kwa mwendo wao wa kawaida wengi walitua na kisigino. Kwangu hilo halipingi lolote. Kuvua viatu peke yake hakumbadilishi mtu. Mwendo una sehemu yake, na ardhi unayoikanyaga ina sehemu yake.

Kuna dhana nyingine, kwamba ukiota sugu utakuwa huhisi kitu. Waulize wazee wanaolima mahindi Uyole na Igurusi, huku kwetu Mbeya. Nyayo zao ni ngumu, lakini mwiba wa mbigili wanaujua ukigusa tu. Mwaka 2019 timu iliyomhusisha Lieberman huyohuyo ilipima jambo hili kwa watu wa Kenya na Marekani, ikakuta kwamba sugu nene inalinda ngozi bila kuua hisia za unyayo. Ugumu wake unaufikisha mguso chini kwenye neva. Soli nene ya sponji, kinyume chake, inaumeza.

Nyanda za juu kusini zina kila aina ya darasa. Udongo wa Uyole umechanganyika na mawe mepesi yenye vitundu, yaliyotupwa na Mlima Rungwe ulipolipuka miaka kama 4,000 iliyopita. Ni ndugu wa lile jiwe la kusugulia magaga bafuni, kwa hiyo ukikimbia huko unapata huduma bila kulipia. Yanasagika ukiyakanyaga, ndiyo maana mtu mgeni anaweza kuyavumilia. Iringa ni habari nyingine. Pale juu ya jiwe la Gangilonga mwamba wenyewe unashika nyayo vizuri mno, unapanda bila hofu ya kuteleza, ila kushuka unatafuna ngozi. Na njia za mchanga chini yake zina chembe zenye makali, ndogo, zinazoganda kwenye jasho la mguu. Tukuyu mvua haikauki, na ngozi iliyolowa muda mrefu inalainika na kukatika kirahisi. Lami mpya ni tamu. Lami chakavu, iliyoliwa hadi kokoto zake zimechomoza, inachosha kuliko moramu yoyote kwa sababu haina hata sehemu moja ya kupumzikia.

Jambo ninaloliogopa kweli ni baridi. Juni na Julai alfajiri, Uyole tu kunatosha, sembuse Makete au Njombe ambako umande unaganda. Miguu inaingia ganzi, kokoto haziumi tena, na unajiona bingwa. Unafika nyumbani, unanawa kwa maji ya vuguvugu, damu inarudi, ndipo unagundua umejichana. Nyayo zisipohisi, peku haina maana yoyote. Miezi hiyo mimi nasubiri jua lipande, au navaa raba na siombi radhi. Kwa sababu hiyohiyo, mwenye kisukari kilichoanza kugusa neva za miguu asijaribu kabisa.

Wapenzi wa peku wanapenda kumtaja Abebe Bikila, Mhabeshi aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa miguu mitupu, kwa saa 2:15:16. Wanasahau kwamba mwaka 1964 kule Tokyo alishinda tena, kwa 2:12:11, na safari hiyo alikuwa amevaa viatu. Bikila hakuwa na dini ya miguu. Alivaa kilichomfaa.

Ndiyo maana sipendi tunavyowashangilia watoto wanaokimbia peku kwenye UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi. Tulioimba mchakamchaka alfajiri, vumbi la uwanja wa shule likiwa bado la baridi, wengi wetu hatukuwa tumechagua. Viatu havikuwepo, au vilikuwepo vya kanisani. Ajabu ni kwamba mtoto akikimbia peku tunasema ana kipaji, mtu mzima kama mimi akifanya hivyo bibi muuza ndizi wa barabarani anamsimamisha: "Mwanangu, kuna msiba?" Nikamjibu, "Hapana bibi, mazoezi." Akasema pole, na alimaanisha. Yeye anakumbuka funza, anakumbuka minyoo ya safura inayoingia kupitia ngozi ya mguu kwenye udongo mchafu wenye unyevu, na katambuga zilizokatwa kwenye tairi zilikuwa maendeleo makubwa kwa rika lake. Siwezi kumwambia kwamba viatu ni adui.

Kwa hiyo chagua mahali. Barabara ya mashamba asubuhi, jua limeshatoka, mbali na vyoo na mazizi, sindano ya pepopunda uwe umeshachoma. Nenda mpaka nyayo ziwake, kisha tembea kurudi. Usiku zitakuwa na joto na kuwashawasha kidogo, hiyo ni kawaida, ila ikiuma ndani ya mfupa pumzika hadi iishe. Sindano na kibano viwepo nyumbani kwa ajili ya miiba. Na beba ndala mkononi. Pale Mwanjelwa, kwenye vipande vya chupa na misumari ya mafundi, mimi nazivaa.