Antivirasi ya shilingi 15,000

Mdogo wangu kanunua laptop ya mtumba. Fundi akamwongezea shilingi 15,000 juu ya bei. "Nimekuwekea na antivirasi, hiyo ni ya maisha, bro." Alipoileta nyumbani nikaomba niikague. Antivirasi yenyewe ilikuwa Defender, ile ile inayokuja bure ndani ya Windows tangu Windows 8 ya mwaka 2012. Kauziwa kitu chake mwenyewe.

Hilo ningelicheka nikanyamaza. Kilichonitoa jasho ni pale nilipofungua orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Kulikuwa na mstari mmoja tu: C:\. Diski nzima! Ni sawa na askari wa getini aliyevaa sare na rungu mkononi, ila kaambiwa asimuulize mtu yeyote anakwenda wapi.

Fundi hakufanya hivyo kwa ubaya. Windows aliyoweka ni ya kuchakachua, na ile programu ndogo inayodanganya leseni hukamatwa na antivirasi kila mara. Kwa hiyo maelekezo yake huanza na sentensi moja: zima antivirasi kwanza. Mtu akishakubali hapo, kilichofichwa ndani ya hiyo programu kinaingia kwa ruhusa yake mwenyewe, na hakuna antivirasi ya kulipia itakayomsaidia, maana nayo ataizima.

Ndiyo maana watu wakiniuliza wanunue ipi, huwajibu: usinunue. Kwa mtu wa nyumbani anayeandika barua, kuangalia mpira na kuhifadhi picha za watoto, Defender inatosha. Maabara zinazopima programu hizi, kama AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, zimekuwa zikiiweka karibu na zile za kulipia kwa miaka sasa. Na za bure za makampuni mengine? Zipo nzuri, ila uliza wanakula wapi. Mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani iliibana Avast, kampuni ya antivirasi, ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za kurasa ambazo wateja wake walikuwa wakizitembelea. Ukiwa na Defender kisha ukaongeza ya pili, hujapata ulinzi mara mbili. Fahali wawili hawakai zizi moja: kwa kawaida Defender hujizima yenyewe kumpisha mgeni.

Defender ina udhaifu mmoja, na sisi watu wa bando unatugusa hasa. Inategemea sana intaneti kutambua virusi vipya; ikiwa nje ya mtandao uwezo wake unashuka waziwazi. Sasa fikiria flashi iliyotoka stesheneri, ambako imepita mikononi mwa chuo kizima, inachomekwa kwenye kompyuta ambayo haijaona bando wiki tatu. Unakuta mafaili yote yamegeuka shotikati. Mimi nawasha hotspot ya simu kwanza, nasubiri Defender ijisasishe, ndipo nachomeka flashi, naikagua, halafu naifungua. 

Bando hilohilo ndilo linalofanya watu wazime masasisho ya Windows, na hapo ndipo tunapoumia zaidi. Kirusi cha WannaCry kiliposambaa duniani tarehe 12 Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka cha tundu kilikopenyea tangu Machi. Miezi miwili. Walio bado kwenye Windows 10 nao wajue kwamba masasisho yake ya kawaida yalifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025.

Kuhusu faiwoli, ule ukuta unaozuia watu wa mtandaoni wasiingie kwenye kompyuta yako, sina mengi. Windows imekuja nayo ikiwa imewashwa tangu toleo la pili la marekebisho ya XP, mwaka 2004. Iache. Kosa ninaloliona sana ni kwenye Wi-Fi ya hoteli au mgahawa: kompyuta inauliza mtandao huu ni "Public" au "Private", na mtu anachagua "Private" akidhani ndiyo ya kujificha. Ni kinyume. "Public" ndiyo inayoificha kompyuta yako kwa wageni wengine. "Private" ni ya nyumbani kwako, unapotaka printa na kompyuta zionane.

Pesa ya antivirasi nunulia diski ya nje, nakili mafaili, kisha ichomoe. Isibaki imechomekwa, maana kirusi kinachofunga mafaili kitaifuata na yenyewe.

Ile laptop tuliifuta yote, tukaweka Windows 11 safi kutoka kwa Microsoft wenyewe. Tulipounganisha intaneti ikajisajili bila kuuliza kitu. Leseni halali ilikuwa imekaa kwenye ubao wake tangu kiwandani, kumbe uchakachuaji wote ule haukuwa na haja. Mdogo wangu bado anaidai 15,000 yake. Fundi hapokei simu.