Hedi za asili kwenye Chevrolet 350: kuzivua au kuziacha?

Ukitaka kuwagombanisha watu wawili wanaopenda magari ya misuli ya Marekani, waulize kama mwenye Chevrolet Camaro ya 1969 ana ruhusa ya kuvua hedi zilizotoka nayo kiwandani, yaani vile vifuniko vizito vya juu ya silinda vinavyobeba valvu, na kufunga nyingine. Mmoja atakwambia umeua gari. Mwenzake atashangaa inakuwaje mtu mwenye akili timamu afanye oveholi nzima, aweke pistoni, ringi na beringi mpya, halafu juu arudishe chuma kilichochoka cha miaka hamsini na ushee.

Nitabaki kwenye injini moja, Chevrolet 350, kwa kuwa ndiyo inayozua ugomvi huu mara nyingi zaidi. Ujazo wake wa inchi za ujazo 350 ni kama lita 5.7. Ilianza kuonekana kwenye Camaro ya 1967, ikaenea kwenye Corvette, Nova na pikapu zisizo na idadi. Ukoo wake wa V8 ndogo ulizaliwa 1955, na kwa zaidi ya miaka arobaini mpangilio wa boliti zinazoshika hedi kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, haukubadilika: kumi na saba kila upande. Hedi ya pikapu ya 1996 inakaa juu ya bloku ya 1969 bila kutoboa tundu hata moja. Kishawishi kinaanzia hapo.

Wanaotaka kubadilisha wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya chumba cha mwako, ile nafasi ndani ya hedi ambamo petroli huungua. Mwaka 1971 General Motors ilishusha kompresheni ya injini zake, yaani kiasi ambacho hewa na petroli hubanwa kabla ya kuwaka, ili zikubali petroli yenye madini ya risasi kidogo au isiyo na risasi kabisa, na hedi nyingi za 350 za miaka ya 1970 zikatoka na chumba kikubwa, sentimita za ujazo 76. Chukua injini yenye pistoni bapa juu, gasketi ya kawaida, na pistoni inayoishia chini kidogo ya uso wa bloku. Kwa hedi za 76 utapata kompresheni ya kama 8.5 kwa 1. Funga za 64, uache kila kitu cha chini kama kilivyo, na inapanda hadi karibu 9.5. Pointi nzima, na krenki haijaguswa. Anayeendesha hahitaji kipimo chochote kujua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Hapa watu hupenda kutaja LT-1, ile 350 kali ya Corvette: farasi 370 mwaka 1970, 330 mwaka 1971, 255 mwaka 1972. Wanasema, ona hedi zilizolegezwa kwa masharti ya serikali zilivyoiua. Ni hoja nusu. Kushuka kwa kwanza kweli kulitokana na kompresheni kutoka 11 kwenda 9, lakini 1972 viwanda vilibadili namna ya kupima, vikaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imebeba ekzosi na vifaa vyake vyote. Sehemu kubwa ya farasi waliopotea mwaka huo walipotelea kwenye karatasi.

Hata hivyo hedi mpya ni bora, hilo sibishani nalo. Zile za Vortec, zilizokuja na pikapu za Chevrolet na GMC kuanzia 1996, zina chumba cha 64 chenye umbo linalochanganya hewa na petroli vizuri, na njia zake za hewa zinapumua kuliko hedi nyingi za zamani zenye alama ya nundu mbili iliyomiminwa kwenye ncha yake, ambazo watu huziabudu. Mwenye pesa zaidi huenda moja kwa moja kwenye aluminiamu. Uzito unakaribia nusu, joto linaondoka haraka kwenye chumba, hivyo injini inavumilia kompresheni kubwa kidogo kwa petroli ileile bila kugonga, yaani bila petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda. Viti vya valvu, pale valvu zinapokalia zikifunga, navyo ni vigumu tangu kiwandani, kwa hiyo habari ya risasi, iliyokuwa ikivikinga visilike, imekwisha.

Sasa bili. Menifoldi ya zamani ya 350, inayogawa hewa na petroli kutoka kabureta hadi kwenye hedi, inashikwa na boliti kumi na mbili; ya Vortec inashikwa na nane, tena zimesimama wima. Kwa hiyo menifoldi ya asili inakwenda kabatini na unanunua nyingine. Vifuniko vya valvu vya zamani hufungwa pembezoni, vya Vortec hufungwa katikati, navyo vinakwenda. Njia ya moto wa ekzosi iliyokuwa ikipita chini ya kabureta na kuipasha joto haipo, na kwa mtu wa Michigan asubuhi ya Januari hilo si jambo dogo. Roka zake, vile vishikio vinavyosukuma valvu zifunguke, hujiongoza zenyewe juu ya valvu, kwa hiyo za zamani usizichanganye humo. Ukiwa umenunua kemshafti (mhimili unaofungua valvu) kali inayoinua valvu zaidi ya kama inchi 0.470, kishikio cha springi kitagonga mdomo wa gaidi, kile kitundu kinachoongoza shina la valvu, kwa hiyo hedi irudi kwa fundi wa mashine kabla hujaifunga. Na kama umeitoa kwenye gari chakavu, ipime nyufa kati ya viti vya valvu kabla ya kutoa hela, maana ndio ugonjwa wake. Ile “jozi ya bei poa” imeshakuwa kitu kingine.

Kwenda kinyume nako kuna mitego. Mwenye gari la 1972 akiokota hedi za nundu mbili za 1966 atafurahi mpaka afike kwenye alteneta: hedi za kabla ya 1969 kwa kawaida hazina matundu ya boliti ubavuni mwa mbele, na bereketi yake haina pa kushika.

Tena kuna tamaa ya ukubwa. Mtu ananunua hedi zenye njia pana kama za mashindano, anaziweka kwenye 350 ya kwendea dukani, halafu analalamika gari ni zito kuondoka kwenye taa. Hewa inayopita kwenye njia pana kwa mzunguko mdogo hupoteza kasi, na msukumo wa chini unakufa. Ford walishaonyesha hili na injini yao ya V8 iitwayo 351 Cleveland. Hedi zake za 4V, za kabureta ya midomo minne, zilikuwa na njia kubwa ajabu, tamu injini ikizunguka juu sana, butu mjini. Australia, ambako Ford ilitengeneza Cleveland ya inchi 302 yenye chumba kidogo na njia za wastani, hedi hizo ndizo watu wa barabarani huzitafuta wazifunge kwenye 351.

Kwa upande wa pili, wanaotetea hedi za asili huchekwa kuwa wanatunza makumbusho. Si haki. Ukifungua kifuniko cha valvu cha 350 ya zamani utaona maandishi yaliyotoka na chuma kikimiminwa: namba ya kalibu, na tarehe. C 15 9 ni tarehe 15 Machi 1969, kwa sababu A ni Januari. Tarehe hiyo lazima itangulie siku injini ilipounganishwa, nayo itangulie siku gari lilipotoka kiwandani. Mnunuzi makini wa gari lenye thamani anaisoma minyororo hiyo yote, na pengo moja linashusha bei. Anayetaka kuficha hedi za Vortec hafiki mbali pia: vile vifuniko vya boliti za katikati vinaonekana kabla hata hujainama.

Hoja yao dhaifu ni ile ya heshima ya kiwanda. Kiwanda chenyewe hakikuwa na heshima hiyo. Ford Mustang Boss 302 ya 1969, gari ambalo leo hakuna anayethubutu kuligusa, injini yake ni bloku ya ukoo wa Windsor, ukoo mwingine wa V8 za Ford, iliyovikwa hedi za mtindo wa Cleveland, kwa sababu Ford ilitaka kushinda mashindano ya magari ya Trans-Am.

Kuhusu kutengeneza hedi za zamani, pande zote hutia chumvi. Ni kweli gaidi za valvu zitakuwa zimelika, na stadi za roka, vile vijiti vinavyozishika, zilizosukumwa tu bila nyuzi huweza kung’oka ukiweka springi ngumu. Ukibadilisha vyote hivyo, ukaweka na viti vigumu vya ekzosi, bili inaweza kukaribia bei ya jozi mpya ya aluminiamu. Ila si kila hedi inahitaji viti vipya. Gari linalotoka Jumapili halichimbi viti vyake kama lori la mizigo, na kuchonga nafasi ya kiti kipya kwenye chuma chembamba kunaweza kufungua njia ya maji. Kiti kikiwa hakijazama, ningekiacha.

Kinachonishangaza kwenye mabishano yote haya ni kwamba yanahusu kitu kinachorudi. Hedi ukizivua, ukazipaka oili, ukazifunga kwenye nailoni na kuziweka juu ya rafu, zitakusubiri. Mwenye gari wa baadaye atahitaji boliti thelathini na nne, sila ya kupaka kwenye nyuzi kwa kuwa boliti hizo huingia kwenye njia za maji, na wikiendi.

Kisichorudi ni kibapa kidogo cha bloku, mbele ya hedi ya upande wa kulia, kilichogongwa mhuri siku injini ilipounganishwa: V ya Flint, kiwanda cha injini, tarehe kwa tarakimu nne, herufi za aina ya injini, na mara nyingi sehemu ya namba ya gari. Kibapa hicho kiko usawa mmoja na uso wa bloku. Wakati wa oveholi fundi wa mashine huuskimu (huuchonga kidogo) uso huo ili gasketi ikae vizuri, na hedi mpya za aluminiamu ndizo huwafanya watu waagize uso laini zaidi. Kisu kikipita mara moja, mhuri umekwenda pamoja na mistari myembamba ya mashine ya kiwandani ambayo wakaguzi huitazama kwa lenzi. Kugonga mhuri mpya ni kughushi, na wanaojua wanautambua.

Kwa LT-1 yenye karatasi zake zote nisingegusa hedi hata bure. Kwa 350 ya kabureta ya midomo miwili, farasi 250 za mwaka 1970, ningefunga za 64 zenye njia za wastani na kuzihifadhi za zamani, nikishapima kwanza pistoni inaishia wapi. Katika hali zote mbili ningemuuliza fundi wa mashine atapunguza kiasi gani kwenye uso wa bloku, na kisu chake kitasimama wapi. Wapo wanaoweza kusimama kabla ya kibapa. Akinitajia kiasi bila kuuliza habari za mhuri, bloku naipakia na kuipeleka kwa mwingine.