Ofa ya Masika

Nina mjomba wangu Mombasa, kakake mama, amefanya kazi ya bahari zaidi ya miaka thelathini. Alianza na majahazi akaishia kwenye meli, amefika Karachi, amefika Muskat, lakini mlima wenye theluji hajawahi kuuona na uko nchini kwake. Kila akinipigia simu lazima alitoe, "mwanangu, wewe uko huko bara, n'peleke nikauone huo mlima kabla sijafa." Na mimi kila mara, inshallah mjomba, inshallah, ile inshallah ya kukata simu.

Sasa mwaka ule nikakutana na ofa. Nyumba ya mbao, vyumba vitatu, juu huko karibu na msitu baada ya Nanyuki, kuni bure, asubuhi unafungua pazia unatazamana na Mlima Kenya, nusu bei, Aprili peke yake. Mtu mwenye akili angejiuliza mbona nyumba nzuri hivi inatolewa nusu bei. Mimi nilijiuliza mbona watu wengine hawajaiona. Nikatuma pesa yote usiku huo huo kabla sijanyang'anywa, na chini kabisa kwa maandishi madogo wameandika pesa ikishaingia hairudi.

Nikampigia mjomba.

"Mwezi gani?"

"Aprili mjomba, watoto wamefunga shule."

Akanyamaza. Nikadhani simu imekatika.

"Aprili si masika, mwanangu?"

Nikamwambia mjomba hayo mambo ya masika na vuli, kusi na kaskazi, ni ya huko pwani kwenu, siku hizi kuna programu ya simu inakwambia mvua itanyesha saa ngapi na itaacha saa ngapi, nimeangalia Nanyuki wikendi hiyo ni jua na kawingu kamoja kadogo.

"Haya. Wewe ndo msomi."

Hilo neno likitoka kwa mzee ujue si sifa, lakini mimi nilishukuru kabisa.

Mjomba akafika na treni ya usiku, tukaenda kumchukua Syokimau. Anashuka kavaa kikoi, shati la mikono mifupi na makubadhi, mkononi kabeba mfuko wa papa mkavu ambao nadhani behewa zima lilishajua habari zake. Kaupepo kakampiga pale nje akasimama. "Ndo tushafika mlimani?" Nikamwambia mjomba hapa ni Nairobi bado, mlima ni kesho. Si kosa lake, Nairobi yenyewe iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, mtu wa Mombasa akishuka Syokimau ashapanda mlima wa kumtosha. Akafungua begi pale pale kwenye maegesho akavaa kanzu juu ya shati, na juu ya kanzu akavaa kanzu nyingine.

Kesho yake tukapakiana kwenye kagari kangu, mimi, mama watoto, watoto watatu, mjomba na papa. Mpaka Thika jua linawaka, nikasema si mnaona. Sagana matone mawili matatu. Karatina mvua imeshika adabu, waipa zinakwenda mbio kama zinafukuzwa na bado sioni. Mjomba kimya, anavuta tasbihi.

Kabla ya kuingia Nanyuki tukasimama ikweta watoto wapige picha kwenye kibao. Pale kuna vijana wenye beseni na jagi, wanakuonyesha maji yanavyozunguka, upande wa kaskazini hivi, upande wa kusini vile, katikati hayazunguki. Watoto midomo wazi. Mjomba anaangalia wala haangalii maji, anaangalia mkono wa yule kijana. Halafu akaninong'oneza, kwa sauti ambayo kila mtu alisikia, "Mimi nimeivuka ikweta kwa meli mara sijui ngapi na choo cha meli hakijageuza maji hata siku moja. Tazama anavyomimina, akimimina kwa huku yazunguka huku, akimimina kwa kule yazunguka kule. Hatua kumi, mwanangu? Dunia haina habari na hatua kumi." Kijana akacheka, akasema mzee wewe umetoka wapi. Nikalipa haraka tukaondoka.

"Na mlima uko wapi?"

"Ule pale mjomba," nikamwonyesha ukuta wa kijivu. Watoto nao wakaonyesha, kila mmoja upande wake. Nikaona niokoe hali kwa elimu, nikaanza kuwaeleza kwamba kilele kirefu ni Batian mita 5,199, kinachofuata ni Nelion 5,188, yaani vimepishana mita 11 tu, na cha tatu ni Lenana 4,985, hicho ndicho watu wengi wanachofika. Naeleza huku naelekeza kidole. Kidole kiko kwenye wingu. Mjomba akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayeonyeshwa kaburi.

Ukitoka Nanyuki unashika barabara ya Meru, halafu kuna mahali unakunja kulia unaacha lami. Kwenye ofa waliandika "barabara nzuri ya murramu." Hawakusema ni nzuri mwezi gani. Tulikwenda kama dakika tano, nikahisi usukani umekuwa mwepesi, yaani nageuza lakini gari ina mipango yake. Ikateleza taratibu, bila hasira, ikaenda kukaa kwenye mtaro.

Nikashuka. Nilikuwa nimevaa raba nyeupe, mpya, nimezinunua kwa ajili ya picha. Mguu wa kwanza ukaingia, wa pili ukaingia, nikavuta wa kwanza ukatoka peke yake, raba ikabaki. Mama watoto akashika usukani mimi nikaenda nyuma kusukuma na soksi. Nikasema, "ukiniona tayari kanyaga polepole." Sijui aliniona tayari lini. Tairi likanimwagia tope kuanzia paji la uso mpaka kwenye mkanda, mdomo nilikuwa nimeuacha wazi kwa sababu bado natoa maelekezo.

Hapo wakatokea vijana wanne wana mbao na jembe, wametokea haraka sana kama watu waliokuwa wanatusubiri, na nadhani kweli walikuwa wanatusubiri. Elfu mbili. Nikasema elfu moja. Wakaangalia mawingu, wakasema basi hakuna shida, wakaanza kuondoka. Mjomba akashusha kioo, "Mwanangu, chombo kimepanda mwamba na wewe wazungumza bei? Wape!" Nikawapa. Na mia tano ya kutafuta raba, ambayo haikupatikana.

Nyumba yenyewe nisiseme uongo, ilikuwa nzuri. Sebule ina moto wa kuni, na juu ya moto wametundika picha kubwa ya Mlima Kenya, asubuhi, anga bluu, vilele viwili vimekaribiana kama meno, weupe kidogo ubavuni. Mlinzi wa pale, mzee mmoja mpole, akatupokea na miavuli. Nikamuuliza mlima unaonekana saa ngapi. Akasema mlima unatoka asubuhi saa kumi na mbili, mpaka saa tatu hivi unajifunika. "Na Aprili?" Akafikiria. Ni mtu asiyependa kumvunja mgeni moyo. "Aprili unaweza kuonekana. Mwaka juzi ulionekana kidogo."

Usiku ndo baridi ikaingia sawasawa. Mjomba alikuwa amevaa kila alichokuja nacho, na juu yake sweta ya mama watoto, ya pinki, yenye vifungo vya maua, na kofia ya sufu ya binti yangu yenye kishada juu. Baharia wa miaka thelathini. Nikataka kupiga picha mama watoto akanifinya. Tukaagana, kila mtu chumbani kwake.

Kama nusu saa hivi nikasikia ukelele. "Mnyama! Kuna mnyama kitandani!"

Nikakimbia na tochi ya simu. Mjomba kasimama juu ya kiti, kubadhi moja mkononi, kitanda anakipiga pa, pa, pa. "Yuko miguuni! Ana joto! Nimemkanyaga akatingishika!" Nikafunua blanketi polepole huku na mimi naogopa, si unajua msitu uko hapo nyuma. Ni chupa ya maji moto. Ile ya mpira, imevishwa kifuko cha manyoya, mlinzi huwaweka wageni chini ya blanketi jioni ili miguu ipate joto, na alisahau kutuambia. Mjomba akaishika, akaitikisa, akaifungua kifuniko akanusa. Akaniuliza ni maji matupu? Nikamwambia maji matupu. "Mbona hamsemi."

Alfajiri nikamkuta bafuni anatia udhu nayo. Bomba limetoa maji ya barafu, yeye kakaa kwenye kigoda anamimina yake kidogo kidogo bado yana uvuguvugu, uso umetulia, ananiambia watu wa huku wamefikiria sana. Siku tatu zote udhu wa alfajiri ulikuwa ni wa chupa.

Mlima sasa. Asubuhi ya kwanza saa kumi na mbili kamili nikafungua pazia, nyeupe. Si theluji, ni ukungu, hata gari yetu hapo nje haionekani. Asubuhi ya pili, nyeupe. Usiku wa pili stima zikapotea, tukakaa motoni na mlinzi akatuhadithia habari za Waitaliano watatu waliofungwa na Waingereza Nanyuki wakati wa vita vya pili. Walikuwa wanauona mlima kutoka kambini, roho zikashindwa kuvumilia, wakatoroka mwaka 1943, wakaupanda na vifaa walivyojitengenezea wenyewe, wawili wao wakafika Lenana wakaweka bendera ya Italia, halafu wote watatu wakashuka wakarudi wenyewe gerezani.

Mjomba akasikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu.

"Walitoroka mwezi gani?"

"Januari."

Akageuka akaniangalia. Kofia ya kishada, macho ya moto wa kuni. "Januari. Kaskazi hiyo. Wafungwa, mwanangu. Hawana simu. Hawana programu."

Mama watoto akaenda jikoni kucheka.

Na hiyo programu, siku ya tatu nikapata mtandao kidogo nikaifungua nione shida ni nini, maana bado inaniambia jua na kawingu kamoja. Nikaangalia juu kabisa, jina la mji. Naivasha. Niliandika N-a, likatokea, nikabonyeza. Sikumwambia mtu na ningeomba hii isimfikie mama watoto.

Asubuhi ya tatu, nyeupe. Tukafunga virago. Mlinzi akatuaga akasema mkirudi, njooni Januari au Februari, au Agosti na Septemba hivi si mbaya. Akamwambia mjomba, hakuniambia mimi.

Tukafika nyumbani South C, hapa Nairobi, Jumapili usiku, na kwa vile dunia haina haya, mvua ilikuwa imekatika. Jumatatu mimi nimelala kama gogo. Mjomba baada ya kuswali alfajiri akachukua kanzu zake zenye tope, akazifua, akapanda nazo juu ya paa kwenye kamba za nguo. Saa moja kasoro akarudi, akakaa mezani, akamimina chai.

"Nimeuona."

"Umeona nini mjomba?"

"Mlima. Uko hapo juu. Mbona wanipeleka mbali?"

Nilipanda ngazi za orofa tatu bila viatu. Ni kweli jamani Mlima Kenya unaonekana kutoka Nairobi, zaidi ya kilomita 100, asubuhi hewa ikiwa safi, na kila mtu akiweka picha watu humrukia kwamba ameitengeneza. Nikafika juu natweta. Upande wa kaskazini wingu moja limelala chini, jeupe, pana, limenyooka kama shuka. Keateka, yule mtunza jengo letu, alikuwa pale anaangalia tenki. Nikamuuliza umeuona mlima? Akasema yeye alikuwa anaangalia tenki.

Nikashuka. "Ulikuwaje mjomba?"

"Vilele viwili, vimekaribiana kama meno," akasema, anachovya mahamri. "Na weupe kidogo ubavuni."

Sasa hiyo ni ile picha ya juu ya moto, neno kwa neno. Lakini mzee wa miaka sabini na kitu huwezi kumuuliza mara mbili. Akapanda treni kurudi kwao ametabasamu, na nasikia barazani huko hadithi imeshakuwa ndefu, mlima aliuona akiwa anaanika kanzu, mpwa wake msomi amelala.

Januari hii akanipigia. "Kaskazi imevuma vizuri, hebu panda juu ya paa." Nimepanda asubuhi kumi na moja mpaka leo na kikombe changu cha chai, nasimama kati ya nguo za majirani naangalia kaskazini. Mara vumbi, mara moshi, mara ghorofa jipya wanalojenga mtaa wa pili. Jana nimemkuta keateka ameanza kuhesabu nguo kabla sijafika na baada ya kushuka.